Emei au Qingcheng: ulale mlima upi, na ule wapi, ukiwa Sichuan

Mgeni akifika Chengdu na siku mbili tatu za kupumzika, swali huwa moja: alale Mlima Emei au Mlima Qingcheng? Yote miwili ni milima ya ibada, ina misitu, ukungu na ngazi zisizokwisha, na hufikiwa kwa treni ya mwendokasi. UNESCO iliuingiza Emei katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996 pamoja na Buddha Mkubwa wa Leshan, na Qingcheng mwaka 2000 pamoja na mfumo wa umwagiliaji wa Dujiangyan. Wengi huchagua kwa kutazama picha. Sisi tunashauri uchague kwa kufikiria chakula cha jioni. Mlimani usafiri hukatika mapema na majiko hufungwa mapema, kwa hiyo ukishachagua kitanda umeshachagua na jiko litakalokulisha. Hapo ndipo milima hii inapoachana kabisa: Emei kadiri unavyolala juu ndivyo unavyokula vibaya, lakini Qingcheng unaweza kulala mlimani kwenyewe na ukala vizuri kuliko mjini.

Kwanza takwimu, ili tusizirudie:

| | Emei | Qingcheng |
|---|---|---|
| Kimo wanachofika wageni | mita 3,077 (kilele cha Jinding) | mita 1,260 (mnara wa Laojun) |
| Dini ya mlima | Ubuddha | Utao |
| Treni kutoka Chengdu | saa 1 hadi saa 1 na nusu | dakika 30 hadi 50 |
| Kiingilio | yuan 160; yuan 110 kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari | mlima wa mbele yuan 80, wa nyuma yuan 20 |
| Gari la kebo | yuan 65 kupanda Jinding, 55 kushuka | mlima wa mbele yuan 35 njia moja, 60 kwenda na kurudi |
| Basi la mlimani | yuan 90 kwenda na kurudi, Baoguo hadi Leidongping | si lazima |
| Mji wa kula | Leshan | Dujiangyan |

Bei hizi hupandishwa na kushushwa, kwa hiyo zihakikishe kabla ya safari. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni jumla yake. Mtu mmoja anayepanda hadi kilele cha Emei kwa basi na kebo hutumia yuan 370 kabla hajalipia kitanda wala chakula. Mtu huyohuyo akienda mlima wa nyuma wa Qingcheng hulipa yuan 20 langoni, na tofauti yote inayobaki anaweza kuila.

Emei: vitanda vya ngazi tatu

Kusema "nitalala Emei" hakutoshi. Kuna Emei ya chini, ya katikati na ya juu, na kila moja ni safari tofauti.

Ya chini ni Baoguo, kwenye mita 550 hivi, kilomita chache tu kutoka stesheni. Hapa ndipo penye hoteli za kila bei, chemchemi za maji moto, na mitaa ya mikahawa. Hoteli kongwe inayojulikana ni Hongzhushan, ambayo majengo yake yametawanyika msituni kando ya bwawa. Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo, alikaa hapo mwaka 1935 alipoendesha mafunzo ya maofisa wake. Ukilala Baoguo hupati mawio ya kilele, lakini chumba kinakuwa kikavu, unaoga maji ya moto saa yoyote, na Leshan iko karibu kiasi cha kwenda kula chakula cha jioni na kurudi.

Ya juu ni Leidongping (mita 2,430), basi linapoishia, na Jinding yenyewe, penye sanamu ya Samantabhadra, mtakatifu wa Kibuddha, ya mita 48 iliyozinduliwa mwaka 2006. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki: Jinding ni juu kuliko kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro. Joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo kati ya Baoguo na kilele kuna tofauti ya nyuzi 15. Chengdu ikiwa nyuzi 30 mwezi Julai, kileleni unahitaji koti. Makoti mazito hukodishwa Leidongping, na wakati wa theluji hukodishwa pia vyuma vya kufunga chini ya viatu. Vichukue, kwa sababu kutoka Leidongping hadi kituo cha kebo cha Jieyin ni kilomita moja na nusu ya ngazi, na barafu ya pale huangusha hata wenyeji.

Watu hulala juu kwa ajili ya mawio, basi tuwe wazi kuhusu mawio: kilele cha Emei hufunikwa na ukungu zaidi ya siku 300 kwa mwaka, hata kama ni kwa saa chache tu za siku. Nafasi nzuri zaidi ni Novemba hadi Februari, hewa inapokuwa kavu. China nzima hutumia saa za Beijing na Sichuan iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchelewa: Juni huchomoza karibu saa 12 asubuhi, Januari karibu saa 2 asubuhi. Hilo la Januari ni neema, maana huhitaji kuamka usiku wa manane. Hata hivyo, anayelala kileleni mwezi Julai kwa ajili ya mawio tu anacheza bahati nasibu ya gharama kubwa.

Vyumba vya juu vina kasoro mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni unyevu: mawingu huingia hadi ndani na shuka huwa na ubaridi wa majimaji. Omba uone chumba kabla ya kulipa, weka kiganja chini ya mto, na kama ni kibichi omba kingine. Blanketi la umeme liwashwe saa nzima kabla ya kulala, kisha lipunguzwe. Kuliwasha wakati unaingia kitandani ni kulala juu ya baridi. Ya pili ni maji ya moto, ambayo hoteli nyingi hutoa kwa saa maalumu za jioni tu. Uliza saa hizo unapopokea ufunguo, si baada ya kurudi umechoka.

Tukija kwenye chakula: kwenye mita 3,077 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 tu. Wali usiopikwa kwa sufuria ya presha hubaki na kiini, na tambi huvimba nje huku ndani zikiwa ngumu. Kila kilo ya mboga imepandishwa kwa gari, kwa kebo au kwa mgongo wa mtu. Ndiyo sababu sahani ya kawaida ya mboga na nyama huuzwa kwa bei ya kushtua na ladha ya kusikitisha, na wenyeji wengi hupanda na tambi zao za papo kwa papo. Kitu kimoja tu hunufaika na maji hayo ya nyuzi 90, nacho ni chai ya kijani. Zhuyeqing, chai maarufu ya Emei ambayo inasimuliwa kuwa Chen Yi, waziri wa mambo ya nje wa China wakati huo, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1964 alipopita hekalu la Wannian, huungua ikimwagiwa maji yanayotokota. Gramu 3 kwa kikombe cha mililita 150, maji yaliyopoa kidogo, na majani yatasimama wima ndani ya glasi.

Ya katikati ndiyo watu wengi huiruka, na ni kosa. Qingyin Ge iko mita 710, hekalu la Wannian mita 1,020, Xixiang Chi mita 2,070. Wannian ina sanamu ya shaba ya Samantabhadra juu ya tembo mweupe, iliyosubuliwa mwaka 980, tani 62. Mahekalu kadhaa ya njiani hupokea wageni kulala: chumba chenye vitanda viwili au zaidi, choo cha pamoja mara nyingi, geti linalofungwa mapema. Piga simu siku moja kabla na uliza wazi kama wanapokea pasipoti ya kigeni, maana si yote yanayojua kuandikisha mgeni polisi. Mlo wa hekalu ni wa mboga tupu na una saa zake: chakula cha mchana karibu saa 5 na nusu, cha jioni karibu saa 11. Ukichelewa hakuna jiko la pili. Hula kimya, na bakuli humalizwa, kwa hiyo pakua kidogo kwanza.

Nyani wa Emei wako sehemu hii, hasa njia ya juu kutoka Qingyin Ge. Ni wakubwa, hawaogopi mtu, na wamejifunza kuwa mlio wa mfuko wa plastiki ni chakula. Weka kila kitu ndani ya begi lenye zipu, usile ukitembea, na akikushika onyesha viganja vitupu. Anayevutana na nyani kwa mfuko wa karanga ndiye hurudi na alama za meno.

Meza ya Emei iko Leshan

Kutoka stesheni ya Emeishan hadi Leshan ni robo saa kwa treni. Ukweli ni kwamba watu wa Chengdu wenyewe, ambao hawana shida ya chakula, hupanda treni wikendi kwenda kula Leshan na kurudi. Huo ni ushahidi tosha. Uzuri mwingine wa Leshan kwa mgeni ni kwamba vyakula vyake vikuu viwili havina pilipili kabisa, isipokuwa uiongeze mwenyewe.

Cha kwanza ni qiaojiao niurou, supu ya ng'ombe iliyotokea Suji, mji mdogo jirani. Mifupa huchemshwa muda mrefu na viungo vya dawa za Kichina. Nyama, utumbo, ini na moyo hukatwa vyembamba, hutiwa ndani ya chujio la mwanzi na kuchovywa kwenye mchuzi unaochemka kwa sekunde chache, kisha humwagwa juu ya kabichi ndani ya bakuli. Pembeni huwekwa kisahani cha unga mkavu wa pilipili, uchovye au uache. Mtu aliyezoea supu ya asubuhi ya Dar es Salaam atajisikia nyumbani mara moja, ingawa hapa mchuzi ni mwepesi na unanukia dawa kidogo. Agiza mchanganyiko wa nyama na utumbo, bakuli moja kwa mtu, na kula haraka: ini lililokaa dakika tano kwenye mchuzi wa moto huwa gumu.

Cha pili ni tianpi ya, bata wa ngozi tamu. Bata huchemshwa katika maji ya chumvi na viungo, hukaangwa hadi ngozi ikauke, kisha hupakwa asali ya kimea. Huuzwa mzima, nusu au robo, na nusu inawatosha watu wawili wanaokula na vitu vingine. Nunua ukiona wanapaka asali muda huohuo. Bata aliyepakwa asubuhi ngozi yake imeshalainika kufikia jioni, na hapo umelipia bata wa kawaida.

Halafu kuna bobo ji, na hiki kina pilipili. Vipande vya kuku, maini, mizizi ya yungiyungi, viazi na uyoga huchomwa kwenye vijiti vyembamba na kulowekwa ndani ya bakuli kubwa la mchuzi baridi. Bakuli ni mbili: nyekundu ya mafuta ya pilipili na ufuta, na ya kijani ya tengjiao, ambayo haichomi sana lakini hutia ganzi. Unalipa kwa idadi ya vijiti unavyobakiza mezani, kwa hiyo usivitupe. Vijiti 20 hadi 30 kwa mtu ni kiasi cha kawaida kwa sababu kila kimoja kina kipande au viwili tu. Hatari yake ni moja: ni chakula baridi cha kuku. Nenda duka lenye foleni, mchana kuliko usiku sana, na uepuke bakuli ambalo mafuta yake yamefifia na vipande vimeanza kukatika pembeni.

Doufu nao, tofu laini ndani ya mchuzi mzito wenye mafuta ya pilipili na vipande vya kukatakata, ni kifungua kinywa cha hapa. Uliza juu yake kumewekwa nini. Kuna ya nyama ya ng'ombe iliyofukizwa na unga wa mchele, na kuna ya nguruwe wa kukaanga. Kwa macho hufanana. Mtaa wa Zhanggongqiao ndio unaojulikana kwa vyakula hivi vyote pamoja, lakini jioni hujaa. Fika kabla ya saa 12 na nusu.

Qingcheng: hakikisha ni mlima upi

Kosa kubwa la Qingcheng hufanyika kwenye simu, wakati wa kuweka chumba. Kuna mlima wa mbele na mlima wa nyuma, umbali wa kilomita 15 hivi kwa barabara, tiketi tofauti, malango tofauti. Hoteli nyingi zenye jina la Qingcheng haziko kwenye mlima wowote, ziko tambarare karibu na stesheni. Fungua ramani, tazama alama ya hoteli iko wapi, ndipo ulipe.

Mlima wa mbele ni wa historia. Zhang Daoling, mwanzilishi wa Utao wa Mabwana wa Mbinguni, anaaminika kuwa alifundisha hapa kuanzia mwaka 143, na pango lake, Tianshi Dong, ni hekalu hadi leo. Ni matembezi ya saa nne hadi tano, au mbili ukipanda kebo. Chini yake ndipo penye hoteli za anasa, mojawapo ikiwa ya Six Senses iliyofunguliwa mwaka 2015, zenye bustani, madimbwi na vyumba vya mbao. Kwa aliye fungate au anayetaka kulala tu, hapo hapana mshindani Emei nzima.

Mlima wa nyuma ni wa maji, mabonde na nyumba za wageni za wakulima, zile wanazoziita nongjiale. Mji mdogo wa Tai'an uko langoni, na ndani ya mabonde kuna vijiji vinavyofikiwa kwa miguu au kebo. Wazee wa Chengdu huhamia huku kiangazi kizima, wakilipa kwa mwezi kitanda pamoja na milo mitatu. Hilo linakuambia mambo mawili. Kwanza, Julai na Agosti vyumba huisha mapema. Pili, jiko linalolisha watu walewale kwa mwezi mzima haliwezi kuwapikia ovyo.

Udhaifu wa mlima wa nyuma ni mvua. Eneo hili liliumia vibaya katika tetemeko la tarehe 12 Mei 2008, na mabonde yake ni membamba yenye kuta za mawe. Mvua kubwa za Julai na Agosti zikija, njia za bonde la Wulong au Feiquan hufungwa bila taarifa ndefu. Usilipe usiku tatu mapema katika miezi hiyo bila ruhusa ya kughairi. Mei, na nusu ya pili ya Septemba, ni muda tunaoupenda zaidi.

Vitu vinne vya Qingcheng, na kipi kiagizwe mapema

Wenyeji huhesabu vitu vinne vya fahari ya mlima: chai, kachumbari ya kuchachusha, mvinyo mtamu wa matunda ya kiwi, na kuku aliyechemshwa na kokwa za ginko. Huyo kuku, baiguo dun ji, ndiye sababu ya kulala huku. Ni tetea mzee, tangawizi, chumvi na kokwa za ginko, moto mdogo kwa saa mbili hadi tatu mpaka mchuzi uwe mweupe kama tui. Hakuna pilipili wala mafuta mekundu. Ukifika saa 1 jioni na kuagiza, utaletewa kuku aliyechemshwa kwa presha, mchuzi mwepesi na nyama yenye nyuzi. Agiza mchana unapoweka mizigo.

Kuku huuzwa kwa jin, yaani nusu kilo. Uliza bei ya jin moja, na uliza kama uzito ni wa kuku mzima hai au aliyeshachinjwa na kusafishwa, maana tofauti inafika theluthi. Tetea mmoja huwatosha watu wanne. Kokwa za ginko zina sumu ndogo ambayo kupika hakuimalizi, kwa hiyo mtu mzima asizidishe kumi hivi, na watoto wadogo wale nyama waache kokwa. Hili wenyeji wanalijua na hawalitaji, kwa sababu kwao kila mtu anajua.

Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, larou, hutundikwa kwenye kila baraza. Nzuri ni ile nyeusi kwa nje inayong'aa kama kioo ikikatwa. Mboga za porini, machipukizi ya mianzi na ya kangaga, hubadilika kwa msimu na mara nyingi ndizo sahani bora mezani kwa bei ndogo. Kwa watu wawili agiza sahani mbili na supu. Sahani za nongjiale ni kubwa, na mgeni anayeagiza nne huacha mbili.

Ukitaka pilipili halisi, shuka Dujiangyan, robo saa tu kutoka mlima wa mbele. Mji umejengwa juu ya mifereji aliyoianzisha Li Bing karibu mwaka 256 kabla ya Kristo, na bado inamwagilia tambarare ya Chengdu. Mikahawa imejipanga kando ya maji yanayokwenda kasi karibu na daraja la Nanqiao. Tahadhari: meza za ukingoni kabisa hulipishwa mandhari. Mitaa miwili nyuma, chakula ni kilekile kwa bei ya chini.

Ukali na ganzi si kitu kimoja

Ladha inayoitwa mala imeunganisha maneno mawili: ma ni ganzi, la ni ukali. Ukali unatoka kwenye pilipili, ganzi inatoka kwenye huajiao, ganda kavu la tunda la mti wa jamii ya Zanthoxylum. Mjafari wetu, ambao magome yake hutumika kwa dawa, ni wa jamii hiyohiyo. Watafiti wa University College London walipima mwaka 2013 wakakuta mdomo huhisi mtetemo wa mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo midomo ikianza kutetemeka, hujaugua. Huajiao inayosifiwa zaidi hutoka Hanyuan, magharibi ya Emei.

Hii ina maana gani unapoagiza? "Bu la" ni bila pilipili, lakini haiondoi huajiao. Sema na "bu yao huajiao" kama ganzi huitaki. "Wei la", pilipili kidogo, hupimwa kwa ulimi wa Sichuan, na kwa wengi wetu tayari ni kali. Kwenye huoguo, sufuria ya mchuzi unaochemka mezani, omba yuanyang, iliyogawanywa katikati: upande mwekundu na upande wa mchuzi mweupe. Maji hayazimi moto wa pilipili. Maziwa ya soya na wali hupunguza.

Kwa Waislamu, na kwa wasiokula nguruwe

Hapa mlinganisho unageuka, na Emei inashinda. Neno "rou" likisimama peke yake kwenye menyu maana yake ni nguruwe, mafuta yake hutiwa hata kwenye mboga, na divai ya kupikia hutumika bila kutajwa. Nongjiale ya Qingcheng, pamoja na uzuri wake, sufuria ni moja kwa vyote, na yule kuku wa ginko hakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Emei ina milo ya mahekalu: mafuta ya mimea, hakuna nyama, hakuna pombe, na kwa kuwa watawa hawali vitunguu wala vitunguu saumu, ni chakula chepesi tumboni. Tofu na uyoga vinavyotengenezwa kufanana na nyama ni vya mimea kweli.

Kwa nyama halali tafuta herufi 清真 mlangoni, zinazosomwa qingzhen. Milimani utaziona kwa nadra, mara nyingi kwenye maduka madogo ya tambi za ng'ombe mjini. Chengdu ina msikiti wa Huangcheng karibu na uwanja wa Tianfu, na mikahawa halali iko jirani. Kula hapo kabla ya kupanda treni, na beba tende, mkate na matunda.

Kabla ya kulipa

Tiketi za treni na za milima huandikwa kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo iweke karibu, si chini ya begi. Emei ina stesheni mbili: unayoitaka ni Emeishan, ya treni za mwendokasi. Emei tu, bila "shan", ni ya reli ya zamani, mjini. Treni za Qingchengshan unaweza kuzipandia Xipu, inakoishia metro namba 2, bila kwenda stesheni kuu. Za Emeishan huondokea zaidi Chengdu Mashariki na Chengdu Kusini. Kuunganisha milima yote miwili kwa kawaida ni kurudi Chengdu kwanza, na hilo hula nusu siku.

Hoteli ndogo nyingine hukataa wageni kwa sababu hazijui kuwaandikisha polisi. Serikali ilisema wazi mwaka 2024 kuwa zisiwakatae, lakini mpokezi wa kijijini anaweza kukwama na pasipoti mbele yake. Tuma ujumbe kabla ya kulipa. Malipo karibu yote ni kwa Alipay au WeChat, ambazo hupokea kadi za Visa na Mastercard, na malipo yanayozidi yuan 200 kwa mara moja hutozwa asilimia 3 zaidi. Beba pesa taslimu yuan 300 hadi 500 kwa mahekalu na vibanda vya njiani. Plagi ya pini tatu nene ya Tanzania na Kenya haiingii, chukua adapta.

Usiende mlima wowote kati ya hao tarehe 1 hadi 7 Oktoba, 1 hadi 5 Mei, wala wiki ya Mwaka Mpya wa Kichina. Foleni ya kebo ya Jinding siku hizo huweza kula saa tatu.

Nani aende wapi

Wenye watoto, wazee, au usiku mmoja tu: Qingcheng, mlima wa nyuma, nongjiale ya Tai'an, kuku aagizwe mchana. Kesho yake mifereji ya Dujiangyan na chakula cha mchana huko, kisha treni.

Mwenye miguu mizuri na usiku mbili: Emei, lakini alale Baoguo usiku wa kwanza na kula Leshan, kisha usiku wa pili hekaluni Xixiang Chi au Wannian. Kilele akipande mchana kwa basi na kebo, akitazama utabiri asubuhi hiyo. Bahari ya mawingu huonekana hata mchana, na ni nzuri kuliko mawio mengi.

Anayetaka mawio na hawezi kuyaacha: Desemba au Januari, Jinding, usiku katikati ya wiki, tiketi ya yuan 110, na chakula chake mwenyewe begini. Asubuhi akishuka, mapema mchana anaweza kuwa Leshan mbele ya bakuli la supu ya ng'ombe.

Anayepikia nyumbani na anataka kurudi na kitu: treni ya Qingcheng hupita wilaya ya Pidu, inakotoka doubanjiang, mchuzi mzito wa pilipili na maharage mapana unaochachushwa juani kwa mwaka mmoja au zaidi. Chagua wa kahawia iliyokolea, wenye pilipili, maharage, chumvi na unga wa ngano tu kwenye orodha ya viambato. Mwekundu unaong'aa ni mchanga bado. Ufunge mara mbili kwenye plastiki na uuweke kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu mafuta yake hupenya kifuniko, na uwanja wa ndege hawatakuruhusu uingie nao mkononi.